Mrejesho: Mercedes 240D iliyokuwa imegoma kuzima

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini Mercedes-Benz 240D yangu ya 1981, ile ya toleo la W123 ninayoifufua, inaendelea kunguruma hata nikichomoa funguo. Wengi mlisema vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, inavuja. Mlipatia kabisa.

Injini hii ya dizeli haizimwi kwa umeme. Ukizungusha swichi, vakyumu inapita kwenye kipira chembamba hadi kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, na mafuta yanakatwa. Vakyumu hiyohiyo ndiyo inayofunga loki za milango, kwa hiyo tundu dogo mlangoni linatosha kuiacha injini ikiwaka. Fundi aling'ang'ania tushushe pampu! Nikakataa, nikafungua mlango wa nyuma kushoto: diaframu ya loki, kile kiwambo cha mpira kinachovutwa na vakyumu, imepasuka, ukiivuta hewa kwa mdomo haishiki hata kidogo. Nimeweka nyingine, pamoja na vipira vya maungio vilivyokuwa vimekakamaa kama tambi kavu.

Sasa nikizima, inazima palepale. Siku ile niliwasha na kuzima mara kumi, moyo umejaa. Asanteni sana. Kinachofuata ni sakafu upande wa dereva, kutu imeila hadi naiona ardhi.