Soda ina tarehe ya mwisho, simu haina: sheria iingilie kati au tuliachie soko?

Habari za muda huu wakuu. Hoja hii imenikaa kooni wiki nzima, nimeona niilete hapa tuijadili.

Nina steshenari ndogo Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Nachapa, natoa kopi, nawajazia watu fomu za mtandaoni, na kwa kuwa nipo pale kutwa, watu wananiletea matatizo ya simu ambayo hayampi fundi hela. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi. Simu yake anaibeba kwenye kitambaa alichokifunga fundo. Aliinunua 2017 alipopata kiinua mgongo, dukani, mpya, ndani ya boksi lake, na risiti anayo mpaka leo. Kioo hakina mchubuko. Chaji ya asubuhi inamfikisha usiku.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie, benki wamenifungia."

Nikafungua programu ya benki. Ukaja ujumbe kwamba toleo hili halitumiki tena, sasisha. Nikabonyeza sasisha. Ikanipeleka kwenye duka la programu, nalo likaniambia kifaa hiki hakioani na toleo jipya. Mwisho wa njia. Benki inakutuma dukani, duka linakurudisha benki, na kote huko hakuna binadamu wa kumuuliza. Nyumbani alishajaribu mara nne, bando lake la siku likaishia humo humo.

"Kwa hiyo simu imeharibika?"

"Hapana Mwalimu, simu ni nzima."

Akaniangalia kama mtoto aliyejibu nusu ya swali. "Kama ni nzima, mbona haifanyi kazi?"

Sikuwa na jibu la kumtosha, na ndiyo maana nimekuja hapa.

Hoja yangu ni hii: simu, tableti au kompyuta yoyote inayouzwa mpya nchini iandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kuipelekea masasisho, yaani maboresho ya programu zinazoiendesha. Biskuti za shilingi mia mbili zina tarehe. Soda ina tarehe. Dawa ya mbu ina tarehe. Mtu anatoa laki tatu kwa simu na hakuna mahali popote palipoandikwa itamfaa mpaka lini, ilhali aliyeitengeneza anajua, kwa sababu yeye ndiye anayepanga.

Kwa wasioifahamu vizuri, mambo yanakwenda hivi. Simu inatoka kiwandani na toleo fulani la Android, mfumo wa Google unaoendesha simu nyingi. Google inatoa toleo jipya kila mwaka, lakini halifiki kwenye simu yako mpaka kampuni iliyotengeneza simu hiyo ilitayarishe kwa ajili ya modeli yako. Simu nyingi za bei ya chini hazitayarishiwi kabisa, au zinapata toleo moja na basi. Huku nyuma wenye programu wanapandisha kidogo kidogo kiwango cha chini cha toleo wanalolikubali. WhatsApp, kwa mfano, tangu 1 Januari 2025 haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Tarehe 5 Mei mwaka huo huo ikataka iPhone ziwe na iOS (mfumo wa iPhone) 15.1 kwenda juu, na hapo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikabaki nje. Simu haijabadilika hata skrubu moja. Kilichohama ni kila kitu kinachoizunguka.

Kompyuta nazo ni hadithi ile ile. Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia bure. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa (ubongo wa kompyuta) ambayo kwa zile za kampuni ya Intel ni kuanzia kizazi cha nane. Sasa nenda kwenye shule zetu, ofisi za kata, steshenari, saluni zenye kompyuta moja ya kucheza muziki, uhesabu mashine zenye prosesa za Intel za i3 na i5 za kizazi cha tatu na cha nne zilizokuja za mtumba kutoka Ulaya na Dubai. Zinafanya kazi vizuri, na kazi zenyewe si kubwa: barua, mitihani, fomu, risiti.

Hapa pana jambo lililoniuma zaidi. Microsoft iliongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, mpaka Oktoba 2026. Mtu alitakiwa alipe dola 30, au atumie pointi za zawadi, au akubali mipangilio yake ihifadhiwe mtandaoni. Watetezi wa walaji wa Ulaya wakapiga kelele, na watu wa huko wakapewa mwaka huo bure bila sharti la kuhifadhi, waingie tu na akaunti yao. Programu ni ile ile, mashine ni zile zile, na nyingi ya hizi za kwetu zilianzia kwao. Waliosema wakasikilizwa. Sisi hatukusema kitu.

Na hawakuishia hapo. Tangu 20 Juni 2025, simu ya modeli inayouzwa Umoja wa Ulaya lazima iendelee kupata masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya modeli hiyo kuacha kuingizwa sokoni, na vipuri vyake vipatikane kwa miaka saba. Uingereza walianza mapema zaidi kwa sharti jepesi: tangu 29 Aprili 2024 mtengenezaji anatakiwa atangaze muda wa chini atakaotoa masasisho ya usalama. Hawakumlazimisha miaka mingapi, wamemlazimisha aseme. Mimi naomba tuanzie hapo kwa Uingereza, pa rahisi.

Msiniambie serikali zetu haziwezi kuzigusa kampuni za simu. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilizima simu bandia usiku wa 16 Juni 2016. Tuliambiwa tubonyeze nyota reli sifuri sita reli tuone IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, tuitume kwenda 15090 tujue kama simu ni halali. Kenya walishazizima za kwao mwaka 2012. Uwezo upo. Ila tazameni nani alibeba mzigo ule: aliyenunua. Muuzaji alishakula hela yake, aliyeingiza mzigo hakuonekana, na simu iliyozimika ilikuwa mkononi mwa mama ntilie. Leo simu haiingii sokoni kihalali bila kibali cha TCRA. Kwenye kibali hicho hicho liongezwe sharti moja la tarehe, na safari hii mzigo aubebe aliyeleta bidhaa.

Hata televisheni ilikuwa na tarehe. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 tulilalamika sana bei ya ving'amuzi, na kwa haki, lakini siku yenyewe ilitangazwa mapema, mtu akajipanga.

Narudi, maana majibu yameanza kuja.

Mdau wa kwanza amesema simu zitapanda bei na maskini ndiye atakayeumia. Hofu hiyo naielewa, na kama ningedai kila simu ihudumiwe miaka saba ningekaa kimya sasa hivi. Samsung Galaxy S24 na Google Pixel 8 zimeahidiwa miaka saba, lakini hizo si simu za mtu wa kawaida wa Msamvu. Mimi nadai tarehe tu. Kampuni ikitaka kuuza simu ya mwaka mmoja iuze, iandike mwaka mmoja. Anayenunua simu ya laki na nusu anayo haki ya kujua kwamba ya laki na themanini iliyo pembeni yake itadumu mara tatu zaidi. Kwa sasa analinganisha kamera na rangi, kwa sababu ndivyo vitu pekee anavyoonyeshwa.

Mwingine, naona ni mtu wa benki, ameandika kwamba matoleo ya zamani yana matundu, wezi wanayajua, na pesa ya mteja ikiibiwa lawama inakuja kwao. Hapo nakubaliana naye. Sitaki benki iache mlango wazi ili Mwalimu afurahi. Ninachokataa ni namna mlango unavyofungwa. Ujumbe ungekuja miezi sita kabla, kwa SMS, ukisema simu yako itaacha kutumika tarehe fulani, na njia nyingine ni hii, nani angelalamika? Kilichotokea ni mama kuamka asubuhi na kukuta hawezi kuona pensheni yake imeingia au haijaingia.

Na njia nyingine ipo, na ni yetu. Menyu ya nyota na reli. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na kwetu 2008, na kitochi cha miaka ile, kama betri yake bado inashika, kinatuma pesa leo. Huduma za serikali zina *152*00#. Haiulizi Android ngapi, haili bando, haijali kioo. Tumekaa na teknolojia inayomheshimu mwenye simu ya zamani kwa karibu miaka ishirini, kisha tunakimbilia kuhamishia kila kitu kwenye programu kana kwamba menyu ile ni aibu. Ningependa iwe kanuni: huduma yoyote ambayo mwananchi hana hiari nayo, iwe pensheni, kodi, bima ya afya au mkopo wa mwanafunzi, isihamie kwenye programu peke yake. Ibaki na menyu, au dirisha lenye mtu. Hili kwangu ni kubwa hata kuliko tarehe kwenye boksi, na nakiri nilipaswa kulitanguliza.

Kuna aliyeuliza kuhusu mtumba, kwamba nusu ya kompyuta zetu hazina hata boksi. Swali zuri, na sina jibu kamili. Ila tarehe inafuata modeli, haifuati boksi. Mtengenezaji akishaitangaza kwa modeli, fundi wa mtumba anaweza kuiangalia na mteja anaweza kumuuliza. Leo hata ukiuliza, hakuna wa kukujibu kwa uhakika.

Na yule aliyeandika "anunue simu mpya, mbona rahisi", ndugu yangu, nakuomba uelewe simu ile ni nini. Ina namba alizozikusanya miaka minane, nyingine za watu waliokwishatangulia mbele za haki. Ina sauti za wajukuu zake walio Mwanza. Tulipojaribu kuhamisha kwenda kwenye simu ya mwanawe tukakuta nafasi imejaa, nakala haitoki. Nikamsomea majina moja moja, yeye akayaandika kwenye daftari la mistari, kwa ule mwandiko wa ubaoni. Ilituchukua saa mbili na robo. Wateja walisubiri, wengine wakaondoka.

Mwisho nilimfungulia menyu ya benki. Akaandika ile namba, nyota, tarakimu, reli, kwenye karatasi, akaikunja pamoja na risiti ya simu. Salio likasomeka. Pensheni ilikuwa imeingia siku tatu nyuma.

Sasa nataka kusikia watu wawili hasa. Wewe unayeuza simu Kariakoo, pale mtaa wa Aggrey: mteja akikuuliza hii itakula WhatsApp mpaka mwaka gani, unamjibu nini, na jibu hilo umelitoa wapi? Na wewe uliye ndani ya benki au kampuni ya programu: siku mnayopandisha kiwango cha chini, kuna mtu mezani anayeuliza ni wateja wangapi watabaki nje, na wanapewa siku ngapi?