Tupeane uzoefu: Ofisi imewekewa huduma ya kuchuja spamu, lakini barua pepe bado zinasumbua

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu. Nahudumia barua pepe za ofisi kadhaa za hapa mjini, nyingi zikiwa na kikoa (jina linalofuata alama ya @) cha .co.tz, na ningependa tupeane uzoefu wa kuziunganisha na huduma ya kuchuja spamu (barua taka) inayoendeshwa na mtoa huduma wa nje. Ukisoma maelekezo, kazi inaonekana fupi: unasajili kikoa, unaingiza anwani za wafanyakazi, unabadilisha rekodi za MX (zinazotangaza ni seva ipi inayopokea barua za kikoa) ili barua zipite kwanza kwa mchujaji, naye anazipeleka zilizo safi kwenye seva yako. Mambo yakiharibika analaumiwa mchujaji, ilhali kwa niliyoyaona, chanzo huwa kwenye mipangilio inayomzunguka.

Nianze na langu. Kampuni moja ya uwakala wa forodha ililalamika kwamba ankara za kughushi zinaendelea kuwafikia wahasibu ingawa uchujaji unalipiwa kila mwezi. Niliomba nipewe barua mojawapo ikiwa na vichwa vyake kamili (taarifa za njia iliyopita, ambazo kwa kawaida hufichwa), nikasoma mistari ya “Received” kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa kila seva inayopokea barua huongeza mstari wake juu ya ile iliyotangulia. Barua halali zilikuwa na mstari wa mchujaji katikati. Ankara ile haikuwa nao. Ilitoka kwa mtumaji ikaingia moja kwa moja kwenye seva ya kampuni.

Mtumaji wa spamu halazimiki kuifuata rekodi ya MX. Anayo anwani ya zamani, au anabahatisha jina linaloanza na “mail”, na akikuta poti 25 (mlango ambao seva hupokelea barua kutoka seva nyingine) inapokea kila mtu, anaingia. Kubadilisha MX bila kuifunga poti hiyo ni kuweka mlinzi getini na kuacha mlango wa uani wazi. Faiawoli, yaani ukuta wa kuilinda seva, ikaagizwa ipokee poti 25 kutoka kwenye anwani za IP (namba za utambulisho mtandaoni) za mchujaji pekee, na poti 587 ikabaki kwa wafanyakazi wanaotuma barua kwa jina na nywila. Tulifuta pia rekodi ya zamani ya MX iliyokuwa imeachwa kama akiba, yenye namba kubwa zaidi (yaani hujaribiwa mwisho), kwa sababu watumaji wa spamu huilenga hiyo makusudi wakitarajia kwamba ulinzi wake ni hafifu. Angalizo langu ni kuhusu wakati: msifunge poti kabla muda wa TTL (muda ambao seva nyingine huruhusiwa kuikumbuka rekodi) wa rekodi za zamani haujapita, maana kuna seva zitakazokuwa bado zinakumbuka njia ya awali. Karibuni.

Mchangiaji, Arusha

Ahsante, ndugu mleta mada. Ushauri wako unamfaa mwenye seva yake mwenyewe. Sisi tunaohudumia wateja walio kwenye seva za kuchangia zenye cPanel, programu ya kusimamia seva, tunakutana na jambo jingine kabla hata ya kufika kwenye poti 25.

Shule moja ninayoihudumia ilibadilisha MX jioni, na asubuhi hakuna mwalimu aliyepata barua. Kumbukumbu za mchujaji zilionyesha kwamba barua zilipokelewa, zikapita, kisha nyingine zikakataliwa na seva ya shule kwa msimbo 550, na nyingine zikazunguka kati ya seva hizo mbili hadi zikatupwa kwa kuvuka idadi ya hatua zinazoruhusiwa. Sababu ilikuwa kwenye ukurasa wa “Email Routing” wa cPanel, unaoamua barua za kikoa zipelekwe wapi. Ukiachwa ujitambulie wenyewe, mfumo unaona kwamba MX haielekei tena kwenye seva yake, unahitimisha kwamba barua za kikoa hicho zinahifadhiwa kwingine, na kila barua inayoletwa na mchujaji inarudishwa kule ilikotoka. Dawa ni kuchagua kwa mkono “Local Mail Exchanger”, yaani barua zihifadhiwe hapohapo kwenye seva, kabla ya kugusa rekodi za MX.

Mchangiaji, Nairobi

Nashukuru kwa mada hii. Kwangu spamu zilipungua kweli, ila barua halali za benki na za washirika wetu zikaanza kuangukia kwenye folda ya taka ndani ya Microsoft 365, huduma inayohifadhi barua zetu, baada ya kuwa zimekwisha kupita salama kwa mchujaji.

Ukichunguza unaona mantiki yake. SPF huuliza kama anwani ya IP inayoleta barua imeruhusiwa na mwenye kikoa. Mchujaji akisimama katikati, Microsoft 365 inaona IP ya mchujaji, na benki haijawahi kumruhusu mchujaji wako kutuma kwa niaba yake. Hivyo SPF inashindwa. Saini ya DKIM, alama ya kidijitali inayothibitisha kwamba barua haijabadilishwa, ingeweza kuiokoa barua hiyo, lakini mchujaji wetu alikuwa amewekwa aongeze neno la tahadhari kwenye kichwa cha habari na aya ya onyo chini ya kila barua ya nje, na saini hiyo hukokotolewa juu ya maandishi yaleyale yaliyobadilishwa. Zote mbili zikianguka, sera ya DMARC ya benki (agizo la mwenye kikoa kuhusu barua zisizothibitika) inayosema barua ikataliwe inaiangukia barua ya benki yenyewe.

Tulichofanya ni kuhakikisha kwamba ukaguzi wa SPF, DKIM na DMARC unafanywa na yule wa kwanza kupokea, yaani mchujaji, kisha tukaitambulisha IP yake kwenye mipangilio ya viunganishi ya Microsoft 365 ili mfumo uiruke na kuitazama ile iliyotangulia. Google Workspace nayo ina mpangilio wa kutambulisha geti la kuingilia. Nawasihi msilimalize tatizo hili kwa kuzima ukaguzi wote. Mtakuwa mmewafungulia walaghai.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi nitasema juu ya karantini, mahali mchujaji anapozuilia barua anazozishuku, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu wasio na ufundi. Katika shirika letu barua fupi za Kiswahili, za mistari miwili mitatu, zilikuwa zikizuiliwa bila sababu ya wazi. Mtangulizi wangu alikuwa amewasha kichujio cha lugha na kuruhusu Kiingereza na Kiswahili, jambo linaloonekana la busara, lakini kutambua lugha kwa maneno machache ni kubahatisha, na “Sawa, nimepokea, asante” ikahesabiwa kuwa lugha nyingine. Nilikizima kichujio hicho. Mtu wa kijijini aliyekwenda hadi mjini kututumia ombi la msaada hastahili kunyamaziwa na mashine.

Nilikuta pia kikoa chetu wenyewe kimo kwenye orodha ya watumaji wanaoruhusiwa bila kukaguliwa. Kwa hiyo yeyote aliyeghushi jina la mkurugenzi kwa anwani yetu alipita moja kwa moja hadi kwa mhasibu. Iangalieni orodha hiyo leo hii.

Mchangiaji, Dodoma

Samahani, naomba kuuliza. Kwetu nambari za uthibitisho za kuingia kwenye mifumo zinachelewa hadi muda wake unaisha, lakini barua nyingine zinafika. Je, mtandao wetu ndio mbovu?

Mchangiaji, Mwanza

Ndugu wa Dodoma, huenda mtandao hauna kosa. Fungua kumbukumbu za mchujaji utafute msimbo wa 4 mwanzoni, kama 451. Wachujaji wengine humkataa kwa muda mtumaji wasiyemfahamu ili wapime kama atarudi. Seva halali hurudi baada ya dakika kadhaa, programu nyingi za spamu hazirudi. Kwa barua ya kawaida ucheleweshaji huo hauumizi, lakini kwa nambari inayodumu dakika tano unaiua. Omba utaratibu huo uondolewe kwa watumaji wa nambari hizo tu.

Ukiwa humo, tazama na rekodi yako ya SPF, hasa kama barua zinazotoka nazo zinapitia kwa mchujaji. Kikoa kinatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF, na isizidi maulizo 10 ya DNS (orodha ya majina na rekodi za mtandaoni). Ukiongeza rekodi ya pili kwa ajili ya mchujaji badala ya kumwingiza ndani ya ile iliyopo, zote mbili hazihesabiki. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka anayetuma barua nyingi kwenye anwani zao (kwa Google, takriban 5,000 au zaidi kwa siku) awe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja. Mdogo naye anatakiwa kuwa na SPF au DKIM, kwa hiyo ofisi ya watu kumi haina msamaha.