Mrejesho: Mama mdogo na ndoto za Bongo Movie

Ndugu zangu mlioulizia hali ya mama mdogo, asanteni. Niliomba ushauri kwa sababu aliwika kwenye filamu enzi za DVD, zikiuzwa Kariakoo kama njugu, na mpaka leo anaamini mashabiki wanamsubiri. Haendi sokoni bila miwani myeusi, eti wasije wakamzonga. Kodi ya nyumba nalipa mimi.

Wengi mlisema nimpe ukweli. Nilijaribu, akajifungia chumbani siku mbili. Sirudii tena. Nikafuata ushauri wa dada mmoja kati yenu: nisimbishie, nimuulize kazi yenyewe ilikuwaje. Weee! Akavuta sanduku uvunguni, makasha ya filamu yamepauka, sura yake zimebaki nyusi na midomo tu. Akasimulia hadi usiku. Alipofika Aprili 2012, Kanumba, yule nyota wa filamu za Tanzania, alipofariki, akanyamaza, akawa anafuta kasha moja kwa pindo la khanga. "Tangu pale simu haikuita tena," akasema. Sikuwahi kumsikia akikiri hivyo, na iliniuma.

Wiki iliyopita vijana wanaoandaa tamthilia wakampa nafasi ya kuigiza bibi. Kwanza aliwaka: "Mimi bibi wa nani?" Jana nimemkuta mbele ya kioo, hajavaa wigi, mvi nje, anajaribu kukohoa kizee.

"Hiki kikohozi kimekaa sawa, mwanangu?"

Nikamwambia arudie. Wanarekodi Jumatatu, nauli nimeshampa.