Shokapu za mbele za Suzuki SV650 ya 1999: springi mpya, au nifunge za GSX-R?

Swali

Wakuu, habari za kazi. Ninamiliki pikipiki ya Suzuki SV650 ya mwaka 1999 ambayo injini yake haijawahi kunisumbua, lakini sehemu ya mbele hainipi imani ninapoingia kwenye kona. Nikishika breki kwa nguvu, pua inazama karibu hadi mwisho; nikipita juu ya ufa kwenye lami, mikono inapigwa kana kwamba hakuna shokapu kabisa. Nikiwa na mavazi ya kuendeshea nina kilo 92. Nilijaribu mafuta mazito zaidi: sasa inazama polepole kidogo, ila kipigo cha mikononi kimezidi. Je, ninunue springi, au nitafute shokapu zilizopinduliwa (zenye bomba nene juu) za GSX-R, pikipiki ya michezo ya Suzuki, nimalize kazi mara moja?

Jibu la 1

Ndugu, dalili zako zinaonekana kupingana, lakini zote mbili zinatoka ndani ya bomba lile lile. Shokapu hizo za milimita 41 hazina katriji, yaani kifaa cha ndani chenye valvu zinazodhibiti mafuta. Ndani yake kuna fimbo yenye matundu ambayo mafuta hulazimika kuyapita. Tundu halibadiliki ukubwa, ilhali upinzani wake hupanda takriban kwa kipeo cha pili cha kasi ya mafuta. Kwa hiyo shokapu inaposhuka taratibu, kama wakati wa kushika breki, mafuta hupita bila kizuizi cha maana. Inaposukumwa ghafla na ufa, mafuta hukwama na mshtuko wote huishia mikononi. Mafuta mazito yamekuza ubaya huo wa pili. Isitoshe, mafuta hayabebi uzito. Anayebeba ni springi, na za kiwandani ni laini mno kwako.

Ningeanza na springi za kati ya kilo 0.90 na 0.95 kwa milimita, yaani uzito unaoibonyeza springi milimita moja. Baada ya hapo ningeongeza zile valvu zinazokaa juu ya fimbo, kama Gold Valve za Race Tech, ambazo hufunguka kadiri mafuta yanavyosukuma. Ili zifanye kazi, matundu ya chini ya fimbo hupanuliwa kwa drili, na ukishatoboa hakuna kurudi nyuma. Yale ya juu usiyaguse, kwa sababu ndiyo yanayozuia shokapu isifyatuke inaporudi.

Jibu la 2

Mimi nilifunga za GSX-R na sijutii, ila nakushauri usinunue miguu miwili peke yake. Mabomba yana kipenyo tofauti, hivyo utahitaji vishikio vya juu na vya chini vinavyobana shokapu, ekseli, gurudumu na kalipa za breki, vyote kutoka pikipiki moja. Anayeokoteza kimoja kimoja hulipa mara mbili. Pima pia urefu kutoka ekseli hadi kishikio cha chini. Shokapu zikiwa fupi kuliko zako, pikipiki huinama mbele, usukani huwa mwepesi kupita kiasi na huweza kutikisika kwenye mwendo mkali. Kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uone kama mikono ya usukani inagonga tangi.

Faida kubwa niliyoipata, kusema kweli, ni breki. Springi zilizokuja nazo hazikuufaa uzito wangu, na nikalazimika kununua nyingine hata hivyo.

Jibu la 3

Kabla ya kununua chochote, inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani taratibu: ukihisi unanasa katikati, beringi zake zimekwisha. Kisha funga kamba ya plastiki kwenye bomba, ukae juu ya pikipiki, upime imezama kiasi gani. Kwa barabarani, milimita 30 hadi 40 zinatosha. Kiwango cha mafuta kipimwe springi zikiwa nje na bomba limeshushwa hadi chini, na usiamini maandishi ya 10W (daraja la uzito wa mafuta) kwenye chupa, maana kila kiwanda kina 10W yake; linganisha mnato kwa sentistoki (kipimo cha mnato) katika nyuzi 40 za Selsiasi.

Muulizaji

Nashukuruni. Nimepima: milimita 54, na usukani unanasa katikati kama ulivyoeleza. Nitabadilisha beringi, sili na springi kwanza, nirudishe mafuta mepesi, kisha nipime tena kabla ya kugusa fimbo kwa drili.