Mama presha 158/96 na haumwi popote

MtuWaWete: Asalaam alaykum, jana mama kapimwa ikaja 158/96, yeye asema haumwi kichwa wala hana kizunguzungu basi dawa hataki. Ndo presha kweli hiyo?

Mkoani78: Waalaykum salaam. Wengi hawaoni dalili yoyote, ndo ubaya wake khasa. Mrejesheni siku nyengine, akae kimya dakika 5, mkono uegemee meza usawa wa moyo, ikija tena 140/90 au zaidi ndo presha hiyo.

BintiMalindi: Na ng'onda, hao samaki wakavu wa chumvi, mpunguzieni jamani, mie mamangu alikuwa hali muhogo bila ng'onda, chumvi imeganda nyeupe juu! Ikifika 180/120 na kifua chabana au mdomo wapinda, hospitali saa ileile msingoje asubuhi.