Naomba ushauri: mama ana kolesteroli, tui la nazi aliache?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 58, tuko Wete. Wiki iliyopita kapimwa damu, kolesteroli mbaya, ile LDL, imesoma 4.6 mmol/L, iko juu. Sukari hana, presha hana. Daktari kasema "punguza mafuta", kisha kaita mgonjwa mwengine.

Basi mama kakata kila kitu: tui, samaki, mpaka mafuta ya kupikia. Wiki nzima muhogo wa kuchemsha na chai kavu! Nimemwambia mwili unayataka mafuta: utando wa seli unajengwa kwayo, baadhi ya homoni zinatokana na hiyo hiyo kolesteroli, na vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Hanisikii. Shoga yake anasema nazi dawa, jirani anasema sumu.

Najua tui lina mafuta mengi ya aina inayopandisha LDL, na vibua vina omega-3, yaani mafuta ya aina nzuri, kwa hiyo nimemuomba angalau arudie vibua vya kuchoma.

Wenye ujuzi wa lishe: tui jepesi mara mbili kwa wiki atadhurika, au aache kabisa (Pemba hii, bila nazi tutapika nini)? Na arudie kipimo baada ya muda gani?