Shawa ya umeme: maji yanaunguza, ghafla yanakuwa barafu. Msaada jamani

MamaJunior_Njombe
Wakuu habari za humu. Niko Njombe na wote mnajua mwezi wa 7 huku ukoje, asubuhi maji ya bomba ukiyagusa vidole vinakufa ganzi. Nina shawa ya umeme, ile ya kichwa cha plastiki inayochemsha maji hapohapo yakiwa yanapita, ina miaka 2 hivi. Zamani ilikuwa poa kabisa ila sasa unaoga vizuri, mara maji yanakuwa ya moto hadi unaruka pembeni, alafu sekunde chache tu yanakuja baridi kabisa, unabaki na povu kichwani. Na jioni kuanzia kama saa 1 hadi saa 3 ndo hata hayafiki kwenye moto, yanakuwa vuguvugu tu hata nikiweka kwenye ile alama ya baridi kali, yaani moto wa mwisho. Fundi wa kwanza alikuja akasema shawa imekufa ninunue nyingine, nikanunua, wiki ya pili tabia ni ileile. Mama yangu mzazi yuko kwangu, ana miaka 71 na kifua kinamsumbua, sitaki aoge maji ya kubahatisha. Tenki liko juu ya stendi ya mbao nje. Naomba mwenye uelewa anisaidie kabla sijatoa hela tena.

fundi_umeme_Iringa
Dada pole sana. Hapo naona una matatizo mawili yanayofanana kwa macho, usiyachanganye.

La kwanza ni presha ya maji. Ndani ya hicho kichwa kuna mpira mwembamba, maji yakija na nguvu yanausukuma, ukisukumwa ndo unagusisha umeme kwenye koili, ule waya wa ndani unaochemsha maji. Presha ikishuka kidogo maji yanapita taratibu wakati koili bado inawaka na moto wote, kwahiyo yanaunguza, ndo pale unaporuka. Ikishuka zaidi mpira unarudi, umeme unakatika, unapata baridi. Nikuulize, hiyo hali inatokea mtu akifungua koki ya jikoni au akiflashi choo? Na chini ya tenki hadi kichwa cha shawa ni urefu gani? Shawa nyingi za hivi zinataka angalau mita 1, mimi nikifunga sikubali chini ya mita 2 kwa sababu tenki likibaki robo na bomba likiwa na kona nyingi ile mita 1 inakuwa haitoshi tena.

La pili la jioni ni umeme kushuka, wote mnapika na kupiga pasi muda huohuo. Shawa ya wati 5400 hesabu yake ni kwa volti 220, zikishuka hadi 180 haipungui kidogo kama watu wanavyodhani, inabaki na wati kama 3600 tu. Yaani maji lita 3 kwa dakika yaliyoingia na digrii 15, mchana yanatoka na 41 hivi, jioni yanatoka na 32. Na 32 kwa baridi ya Njombe ni kama hujaoga. Hapo punguza koki maji yapite kidogo yatapata moto, ila usibane sana hadi mpira ukakatisha. Mwambie fundi aje na kifaa cha kupimia volti apime saa 2 usiku shawa ikiwa inawaka. Akipima saa 4 asubuhi atakwambia kila kitu kiko sawa.

MamaJunior_Njombe
Ubarikiwe kaka. Ni kweli kabisa, binti akifungua maji ya kuosha vyombo ndo linatokea, sikuwahi kuunganisha hayo mambo! Tenki nimepima kwa tepu, ni sentimita 90 tu juu ya shawa. Kuna kitu kingine sikukisema, nikishika koki nikiwa naoga nasikia kama sisimizi wanatembea kwenye mkono. Fundi alisema ni kawaida kwa shawa hizi.

fundi_umeme_Iringa
Dada SIO KAWAIDA. Zima breka ya hiyo shawa sasa hivi na mtu yeyote asioge humo, mama ndo kabisa. Hao sisimizi ni umeme unavuja na unapita kwako kwenda ardhini. Koili za shawa nyingi hizi ziko wazi ndani ya maji, ndo maana waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, sio hiari. Kagua hivi: waya wa ethi umefungwa kweli kwenye shawa au umekatwa ukafichwa? Unafika kwenye nondo ya ethi iliyochimbiwa chini? Kuna mafundi wanaunga ethi na nyutro (waya wa kurudisha umeme), hiyo ni hatari sana, nyutro ikikatika huko nje umeme wote unakuja kwenye maji. Na waya wa kwenda shawa uwe milimita 6, wa soketi wa 2.5 hauwezi huo mzigo, unachemka ukutani kimyakimya.

Nyokabi_Kitengela
Naunga mkono huyo fundi wa stima. Huku kwetu tunatumia maji ya borehole yenye chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha stima zaidi, nilikuwa napigwa hivyo hivyo. Kuna vichwa vimetengenezwa vya maji ya chumvi, koili yake imefunikwa, ni bei kiasi lakini usijaribu cha kawaida.

dodoma_kavu
Kwa sisi wa maji magumu ongezeni hili, koili ikishika ukoko mweupe kama wa birika moto unachelewa kufika kwenye maji na koili inaungua haraka. Kwa sasa dada mchemshie bi mkubwa maji kwenye gesi, ila kwenye ndoo tangulizeni ya baridi ndipo mmwage ya moto.

MamaJunior_Njombe
Mrejesho wakuu. Amekuja fundi mwingine leo. Waya ulikuwa wa 2.5 na pale ulipounganishwa juu ya silingi bodi plastiki imeyeyuka imekuwa nyeusi, na ethi haikufungwa popote, ilikuwa imekunjwa tu. Nimekaa chini nikalia maana mama ameoga humo siku 11. Tumevuta waya wa 6, ethi imechimbiwa, imewekwa na breka inayokata umeme ukivuja. Stendi wanainyanyua Jumamosi ifike mita 2 na nusu, na jikoni litatoka bomba lake lenyewe kutoka kwenye tenki.

fundi_umeme_Iringa
Hapo sawa dada, mpe pole mama. Hakikisha hiyo breka ya uvujaji ni ya miliampia 30, yaani inakata umeme uliovuja ukifika kiasi hicho kidogo. Ina kitufe kimeandikwa T, kibonyeze kila mwezi, isipojizima ibadilishe siku hiyohiyo.